Chakula Huiva Mara Mbili

Kama ndiyo kwanza umenawa mikono baada ya mlo, basi umefungua redio wakati wake hasa, maana mazungumzo ya leo yanahusu kazi ambayo tumbo lako limeianza dakika hii. Mhusika wetu mkuu anaitwa pepsini.

Aliyepita sekondari analijua jina hilo. Aliandika daftarini kwamba pepsini ni kimeng'enya, kwamba hupatikana tumboni, kwamba humeng'enya protini. Akakariri, akajibu mtihani, kisha likamtoka. Simlaumu. Jina ulilopewa bila maana yake ni vigumu kukaa nalo. Lakini jina hili lina maana, na msemaji wa Kiswahili anaweza kuishika upesi kuliko wengi. Ndiyo sababu nimelichagua.

Wagiriki wa kale walikuwa na neno pepsis. Kitenzi chake kilibeba kazi tatu: tunda kuiva mtini, chakula kuiva motoni, na chakula kusagika tumboni. Sasa isikilize lugha yako mwenyewe. Embe huiva. Wali huiva. Mtoto mdogo anajua embe bivu na anajua wali ulioiva, wala hakuna aliyewahi kumfafanulia kwa nini kitenzi ni kimoja. Wagiriki walikuwa hapo hapo tulipo sisi, ila walipiga hatua moja zaidi: wakasema tumboni nako chakula huiva.

Usidhani yalikuwa maneno ya kupamba tu. Yalikuwa maelezo ya jinsi dunia inavyokwenda. Katika maandishi ya Aristotle, mwanafalsafa wa karne ya 4 kabla ya Kristo, kuiva kwa tunda, kuchemsha na kuchoma vimewekwa pamoja chini ya neno hilo, na kinachovifanya vyote ni joto. Jua huivisha tunda, moto huivisha nyama, na joto la mwili huivisha chakula tulichokwisha kumeza. Daktari Galen alishika njia hiyo hiyo, na karne nyingi baadaye Ibn Sina akaendelea nayo kwa Kiarabu. Kwa zaidi ya miaka elfu moja, mganga aliyesoma alipoulizwa tumbo linafanya nini, jibu lake lilikuwa kwamba linapika.

Ilipofika karne ya 18 jibu hilo halikuwaridhisha tena wataalamu wa Ulaya. Wengine walishikilia kwamba tumbo husaga, kwa kuwa waliona firigisi ya kuku ilivyo na misuli migumu na vijiwe ndani yake. Wengine walisema chakula huchacha, au huoza. Wengine walibaki na joto. Kila upande ulikuwa na hoja, na hakuna aliyekuwa ameona kwa macho.

Mfaransa mmoja, René Antoine Ferchault de Réaumur, alipata njia ya kuona. Alimfuga mwewe. Mwewe akimeza kitu kisichosagika, hukitapika. Réaumur akachukua vijibomba vya chuma vilivyo wazi pande zote mbili, akavitia nyama, akazuia midomo yake kwa nyuzi, akamlisha ndege huyo. Fikiri alivyokusudia: chuma hakibonyei, kwa hiyo tumbo haliwezi kuisaga nyama iliyo ndani, lakini maji ya tumboni yanaweza kupenya. Mwewe alipovitapika, nyama ilikuwa imeyeyuka kwa sehemu, na haikuwa na harufu ya kuoza. Réaumur akatia vipande vya sponji badala ya nyama, akavikamua, akayapata maji yenyewe. Matokeo yake yalitangazwa mwaka 1752. Ikawa wazi kwamba tumboni mna maji yenye nguvu ya kuyeyusha nyama.

Baada yake akaja padri na mwalimu wa chuo kikuu huko Pavia, Italia, Lazzaro Spallanzani. Huyu hakuishia kwa ndege. Alimeza mwenyewe vifuko vidogo vya kitani vyenye chakula, na vibomba vya mbao, kisha akavichunguza vilipotoka. Alikusanya pia maji ya matumbo ya wanyama, akayatia pamoja na nyama katika mirija, akaibana mirija hiyo kwapani ili ipate joto la mwili. Nyama ikayeyuka nje ya tumbo. Joto lilikuwa linasaidia, lakini halikuwa linafanya kazi peke yake, kwani maji ya kawaida kwenye joto lile lile hayakufanya vile. Kwapani mwa Spallanzani ndimo nadharia ya jiko la mwilini ilimoshindwa.

Sasa, msikilizaji, nataka tukae kidogo na mtu mwingine, ambaye hakuwa msomi na hakuomba kuingia katika habari hii. Jina lake Alexis St. Martin, kijana wa Kanada aliyezungumza Kifaransa na kufanya kazi katika biashara ya ngozi za wanyama. Tarehe 6 Juni 1822, kwenye kisiwa cha Mackinac huko Marekani, bunduki ilifyatuka kwa bahati mbaya karibu naye na risasi zikampasua chini ya titi la kushoto. Daktari wa jeshi, William Beaumont, alimhudumia bila kutarajia kwamba angepona. Akapona. Lakini tundu la tumbo halikuziba. Likabaki wazi kwa nje, hata mtu aliweza kuchungulia ndani ya tumbo la binadamu aliye hai.

Kuanzia mwaka 1825 Beaumont alifunga vipande vya chakula kwenye uzi wa hariri, nyama ya ng'ombe, nyama ya nguruwe, mkate, kabichi mbichi, akavitumbukiza kupitia tundu lile, kisha akavivuta baada ya saa moja, saa mbili, saa tatu, kuona kimebaki nini. Aliyachota maji ya tumbo, akayatia kwenye chupa zenye nyama, akazipasha joto kama la mwili, na nyama ikayeyuka chupani. Aliona pia kwamba St. Martin akikasirika, tumbo hubadilika na kazi yake huvurugika. Mwaka 1833 alichapisha kitabu chenye majaribio 238. Wataalamu waliopelekewa maji hayo walikuta ndani yake tindikali ya haidrokloriki, ile ile ambayo Mwingereza William Prout alikuwa amekwisha kuitambua tumboni miaka michache kabla.

Sayansi inamsifu Beaumont, na kwa subira yake anastahili. Lakini mimi nasema jina la St. Martin lisitajwe kama chombo cha maabara. Alikuwa maskini, hakujua kusoma, na mkataba aliowekewa ulimfanya mtumishi wa mtu yule yule aliyemtibu. Aliondoka zaidi ya mara moja kurudi kwao. Alipofariki mwaka 1880, jamaa zake waliuacha mwili uharibike kwanza kabla ya kuuzika, tena wakauzika chini sana, ili madaktari wasije kulichukua lile tumbo. Ukoo ule ulikuwa unalinda heshima ya ndugu yao. Leo mtafiti hulazimika kumweleza mgonjwa kinachofanyika na kupata ridhaa yake, na habari kama hii inatukumbusha kwa nini.

Basi tumefika mwaka 1833: maji yapo, tindikali imo. Je, tindikali peke yake yatosha? Wajerumani walijaribu, na hapa ndipo jina letu linapozaliwa. Mjini Berlin, katika maabara ya mwalimu Johannes Müller, alikuwako kijana Theodor Schwann, mzaliwa wa Neuss, mwenye umri wa miaka 25. Alichukua utando wa ndani wa tumbo la mnyama, akautia katika tindikali nyepesi, akapata maji yaliyoweza kuyeyusha ute wa yai. Tindikali nyepesi bila utando ule haikufanya hivyo. Kulikuwa na kitu cha pili. Kitu hicho kilikuwa kidogo mno, lakini kidogo hicho kilimaliza kazi kubwa. Ukikichemsha, nguvu yake hufa.

Mwaka 1836 Schwann alikipa jina. Wasomi wa zama zake walichota majina katika Kigiriki, naye akaenda kwenye neno la kale la kuiva: pepsini, yaani kile kinachofanya chakula kiive tumboni. Hebu ona lilivyokaa jambo hili. Nadharia ya Wagiriki juu ya moto wa mwilini ilikuwa imeshindwa, lakini neno lao likaokolewa na kukabidhiwa kwa kitu halisi. Swali lilikuwa la Wagiriki: ni nini kinachoivisha? Schwann alilijibu kwa neno lao wenyewe. Miaka mitatu baadaye yeye huyo alitangaza kwamba wanyama wote wamejengwa kwa seli, na kwa hilo ndilo anakumbukwa zaidi.

Nadharia ilishindwa, nimesema, lakini tusiwadharau wazee wale. Tuangalie pepsini inavyofanya kazi, utaona walikaribia wapi.

Ukuta wa tumbo lako una vitundu vidogo visivyohesabika, na kila kitundu ni mlango wa tezi. Ndani ya tezi zipo seli zinazotoa tindikali, na zipo nyingine zinazotoa pepsinojeni. Pepsinojeni ni pepsini iliyofungwa. Kipande cha mwanzo cha mnyororo wake kimeziba mahali penye makali. Sababu ni nyepesi kuelewa: seli yenyewe imejengwa kwa protini, na kama ingetengeneza pepsini iliyo tayari, ingejila. Pepsinojeni ikimwagika tumboni na kukutana na tindikali, kile kipande hukatika, na makali hujitokeza. Ukuta wa tumbo nao umefunikwa ute mzito wenye bikaboneti, na seli zake za juu hubadilishwa kila baada ya siku chache.

Na protini ya maharage au ya samaki uliyekula? Protini ni mnyororo mrefu uliojikunja na kujifumba. Ukiwa umejifumba hivyo, pepsini haina pa kuuma. Tindikali huukunjua, kisha pepsini hukata. Basi kumbuka, joto la jikoni nalo hukunjua protini. Watu wa pwani wanaoloweka samaki mbichi kwenye ndimu wanalijua hili kwa macho: nyama ya samaki hugeuka nyeupe kama iliyopikwa, na moto haukuwashwa. Tindikali ya tumboni inafanya kazi ya namna hiyo. Kwa hiyo Wagiriki walikosea juu ya moto, lakini waliposema kinachotokea tumboni ni ndugu ya kinachotokea chunguni, walikuwa wameona jambo la kweli. Chakula huiva mara mbili, jikoni na tumboni, na kuiva kwa kwanza hurahisisha kuiva kwa pili.

Pepsini hutaka ukali. Hufanya kazi vizuri pH, kipimo cha ukali wa tindikali, ikiwa karibu na 2. Chakula kikishuka kwenye utumbo mdogo, ambako kongosho humwaga maji ya kupoza tindikali, pepsini hunyamaza, na vimeng'enya vingine kama tripsini hupokea. Tena pepsini haimalizi protini yote, huanza tu. Ndiyo maana mtu aliyeondolewa tumbo lote kwa upasuaji bado anaweza kuishi na kujengeka kwa chakula anachokula, kwa uangalizi wa daktari.

Miaka karibu mia moja ilipita tangu Schwann, na bado wakubwa wa kemia walibishana kimeng'enya ni kitu gani. Richard Willstätter wa Ujerumani, mshindi wa Tuzo ya Nobel, alishikilia kwamba si protini. Mwaka 1926 Mmarekani James Sumner, aliyefanya kazi zake kwa mkono mmoja kwa sababu wa pili ulikatwa ujanani, alipata fuwele za kimeng'enya kinachoitwa urease, akasema ni protini. Wengi hawakumsadiki. Kisha mwaka 1930 John Northrop akatoa fuwele za pepsini, akaonyesha kwa ushahidi mwingi kwamba ni protini tupu na kwamba ndiyo yenye nguvu ya kumeng'enya. Ubishi ukaanza kuisha. Protini inayokata protini! Wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1946, pamoja na Wendell Stanley.

Na mwaka 1934, kule Cambridge, J. D. Bernal na msichana aliyeitwa Dorothy Crowfoot walipiga fuwele za pepsini picha ya eksirei. Siri yao ilikuwa kutoziacha zikauke. Picha ile ilionyesha nukta zilizopangika, na dunia ikajua kwamba protini ina umbo maalumu linaloweza kuchorwa. Kila umbo la protini ambalo sayansi imelichora kwa fuwele linafuata njia iliyofunguliwa na picha ile. Dorothy, aliyeolewa na kuitwa Hodgkin, alipata Nobel yake mwaka 1964.

Jina la Schwann nalo lilizaa. Mjerumani Wilhelm Kühne aliita kimeng'enya cha kongosho tripsini, kwa mwisho ule ule, na ndiye pia aliyetunga neno enzaimu, kutoka maneno ya Kigiriki yenye maana ya ndani ya chachu. Vipande vya protini vikaitwa peptoni, na kutoka hapo peptidi, neno linalotajwa sasa hospitalini na hata kwenye maduka ya vipodozi. Mwaka 1879 Wafaransa Wurtz na Bouchut waliita papaini kimeng'enya kilichomo katika utomvu wa papai, kinachokata protini. Mpishi wa mishikaki anayeparuza papai bichi juu ya nyama ili ilainike anakitumia kimeng'enya hicho, awe amelisikia jina lake au la. Hata jina la soda ya Pepsi lina asili hiyo. Mfamasia Caleb Bradham wa New Bern, North Carolina, alilichagua mwaka 1898 kutokana na neno la kitabibu la kutosagikiwa na chakula, kwa sababu aliuza kinywaji chake kama msaada wa tumbo. Pepsini yenyewe haimo kwenye soda hiyo.

Lakini pepsini yenyewe nayo ina ndugu zake, na mmoja wao anatugusa kuliko wengine. Virusi vya Ukimwi hutengeneza protini zao zikiwa mnyororo mmoja mrefu, ambao hauna faida mpaka ukatwe vipande. Mkasi wanaoutumia ni kimeng'enya cha jamii ya pepsini. Kina nusu mbili zilizo sawa, na zinapokutana huumba mahali pa kukatia panapofanana na pa pepsini, hata wataalamu wamekiita retropepsini. Dawa kama lopinavir, atazanavir na darunavir huziba mahali hapo, na virusi vinavyozaliwa hubaki havijakomaa wala haviambukizi. Waliozibuni walikuwa na ujuzi uliokwisha kukusanywa juu ya ukoo huu wa vimeng'enya. Leo wapo ndugu zetu Tanzania, Kenya na Uganda wanaokunywa dawa hizo na kulea watoto wao. Utafiti ulioanza kwa nyama na mwewe umefika huko, ingawa Réaumur hakuweza kuota hata robo yake.

Neno moja la afya kabla sijafunga. Kiungulia ni maji haya haya ya tumbo kupanda kwenye umio, ambao hauna ute wa kuukinga kama wa tumbo. Kikikujia mara kwa mara, nenda ukapimwe, usijizoeze dawa za dukani mwaka mzima. Na vidonda vya tumbo si lazima vitokane na pilipili au mawazo. Barry Marshall na Robin Warren wa Australia walionyesha kwamba vingi husababishwa na bakteria, wakapewa Nobel mwaka 2005. Vingine huletwa na dawa za maumivu zinazodhoofisha kinga ya tumbo. Vyote hutibika, lakini kwa vipimo.

Sasa ombi langu, na nalitoa kwa dhati kwa walimu na wazazi. Tunawapa watoto wetu majina ya sayansi kama namba za simu, tunawataka wayakariri. Majina hayo yalitungwa na watu waliokuwa wanauliza kitu. Mwalimu akisema darasani kwamba pepsini ni jina la kuiva, kisha akauliza kwa nini mtu alidhani tumbo hupika, na mtu wa pili alijuaje kwamba si moto, hapo mwanafunzi hapokei neno tu, anapokea namna ya kufikiri: kudhani, kupima, kusahihisha. Hilo halidai maabara ya gharama. Linadai dakika kumi na lugha ambayo mtoto anaielewa, na lugha hiyo tunayo. Kitenzi cha kuiva hatukukopa kwa mtu. Kimeng'enya ni neno letu, na maana yake imo ndani yake: kile kinachomeng'enya.

Wanaosema kwamba Kiswahili hakiwezi kubeba sayansi, nawaalika waanzie hapa tumboni. Jioni ya leo, mtoto akifungua daftari la biolojia, muulize majina mawili matatu yaliyomo yametoka wapi. Asipojua, tafuteni pamoja.